Mifumo Miwili Katika Kompyuta Moja: Mchezo Ukae Wapi?

Tangu mwanzo wa muhula huu vijana wa vidato vya chini wamekuwa wakinijia na swali moja: "Kaka, kompyuta ya nyumbani ina Windows na Linux. Nikitaka kucheza, niwashe upande upi?" Nikimjibu mmoja leo, kesho huja wa pili. Kwa hiyo nimeona afadhali niandike jibu langu katika gazeti letu, wapate kulisoma walio shuleni, na pia ndugu zetu waliokwisha maliza, ambao sasa wana kompyuta zao na watoto wapendao michezo. Nitaeleza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni sanduku tu. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe, nayo ndiyo igawayo kazi: programu hii itumie kumbukumbu kiasi hiki, ile ingoje, picha hii iende kwenye kioo, sauti hii iende kwenye spika. Kila mchezo hutengenezwa ili useme na mfumo fulani. Mchezo wa Windows hauijui lugha ya Linux, kama vile mgeni atokaye Dar es Salaam asivyojua Kinyarwanda siku anaposhuka Nyabugogo.

Kompyuta yenye mifumo miwili ni kama nyumba moja yenye wapangaji wawili. Diski hugawanywa vyumba, kila mfumo ukapewa chake, na kila unapowasha hutokea orodha fupi ya kukuuliza unamtaka nani. Wapangaji hawa hawawi macho pamoja. Akiamka huyu, yule amelala. Likumbuke jambo hili, kwa kuwa taabu nyingi hutoka hapo.

Wengi hudhani Linux ni mgeni katika nchi yetu. Sivyo. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, nayo hupatikana bure. Hapa Rwanda, kuanzia mwaka 2008, shule za msingi zilianza kupewa zile kompyuta ndogo nyeupe na kijani za mradi wa One Laptop per Child, na jumla yake ikapita 200,000. Ndani yake mlikuwa na programu iitwayo Sugar, na chini ya Sugar mlikuwa na Linux. Basi mtoto aliyechora kwa kobe wa Turtle Art alikuwa akitumia Linux bila kuambiwa.

Sasa tuje kwenye michezo. Zamani jibu lilikuwa fupi: kucheza ni Windows, basi. Lakini tangu mwaka 1993 wako watu waliokuwa wakitengeneza programu iitwayo Wine, ili programu za Windows ziweze kufanya kazi katika Linux. Mwaka 2018 kampuni ya Valve, wenye duka la michezo liitwalo Steam, ikatoa Proton, iliyojengwa juu ya hiyo Wine. Kazi ya Proton ni ukalimani. Michezo mingi ya Windows huagiza picha zake kwa lugha ya Direct3D; Proton huzigeuza amri hizo papo hapo ziwe za Vulkan, ambayo kadi ya picha huielewa chini ya Linux. Mkalimani huyu ni hodari, na katika michezo mingi hutaona kwamba yupo. Mwaka 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, kompyuta ya kuchezea ishikwayo kwa mikono miwili, nayo ina Linux tangu kiwandani. Iko pia michezo isiyohitaji mkalimani hata kidogo, mathalani Minecraft ya Java, Dota 2, Counter-Strike 2, na SuperTuxKart ambayo ni ya bure.

Walakini mkalimani haruhusiwi kila mlango. Michezo ya kushindana kwa intaneti huweka mlinzi wa kuwakamata wadanganyifu, wale watumiao programu za kuona nyuma ya ukuta au kulenga bila kukosa. Walinzi wengine hudai kukaa katika kiini cha Windows, mahali pa kuona kila kitu. Kiini cha Linux ni kingine, tena mwenye kompyuta aweza kukibadili atakavyo, kwa hiyo wenye michezo hiyo hawakiamini. Ndiyo sababu Valorant na Fortnite hukataa Linux. League of Legends ilikuwa ikichezwa kwa msaada wa Wine mpaka mwaka 2024, alipoletwa mlinzi aitwaye Vanguard. Tangu hapo ikakoma. Mwaka huohuo Apex Legends, iliyokuwa ikikubali Linux, nayo ikafunga mlango. Na kwetu sisi wapenzi wa mpira, lenye uchungu ni kwamba EA Sports FC nayo ina mlinzi wa namna hiyo. Atakaye kucheza mpira huo katika kompyuta sharti awashe Windows.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: acha mchezo wenyewe uchague mfumo. Usiulize ni mfumo gani ulio bora; uliza ni mchezo gani unaoupenda. Kabla ya kupakua, tafuta jina lake katika ProtonDB, ambamo wachezaji wenyewe hueleza kama mchezo umewaka vizuri katika Linux, au umechechemea, au umekataa kabisa.

Kanuni ya pili ni kuitazama mashine yako. Windows 11 hutaka kwa uchache kumbukumbu ya GB 4 na nafasi ya GB 64 katika diski, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi kuukuu hushindwa mtihani huo. Windows 10 nayo, huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine kama hizo, Linux nyepesi kama vile Linux Mint huzipa nguvu tena. Lakini usingoje miujiza. Proton hutaka kadi ya picha inayoijua Vulkan ya siku hizi; kadi ikiwa ya zamani mno, mchezo mpya utakwenda kama mzee apandaye kilima, na pengine hautakwenda kabisa. Nafasi pia ni jambo kubwa. Diski ya GB 256 ikigawanywa kwa mifumo miwili, mchezo mmoja wa GB 100 waweza kukaa upande mmoja tu. Usipakue mchezo uleule mara mbili. Bando ni pesa. Wala usiweke michezo ya Steam ya Linux katika chumba cha Windows ili kuokoa nafasi, kwa maana mara nyingi huleta kasoro.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nalikuwa kidato cha nne, wakati wa likizo. Nyumbani kwetu Nyamirambo kompyuta ni moja, na walioitegemea ni watatu: dada yangu aliyekuwa chuo kikuu, mama auzaye vitenge, na mimi. Humo dada alikuwa amemwandalia mama orodha ya madeni: nani amechukua kitenge, amelipa kiasi gani, amebakiza kiasi gani. Mimi nalitaka Linux kwa sababu rafiki yangu mmoja aliniambia kwamba michezo itakwenda mbio zaidi. Nikachomeka flashi, nikaanza. Programu ikaniuliza kama niiweke Linux kando ya Windows, au nifute diski yote. Nalikuwa na haraka, betri nayo ilikuwa karibu kwisha, nikabonyeza lile la pili bila kusoma vizuri. Baada ya muda Linux ikawaka, inapendeza kweli. Windows haikuwapo, wala kazi za dada, wala madeni ya mama.

Dada alikuwa na nakala ya kazi zake katika flashi. Mama hakuwa na nakala. Hakunipiga wala hakunitukana, aliniuliza tu, "Mwanangu, sasa nitajuaje ninayemdai?" Nikanunua daftari, na kwa siku tisa tukapita nyumba kwa nyumba kuwauliza wateja wake wanakumbuka nini. Wengi walisema kweli. Bibi mmoja alitaja deni kubwa kuliko lile mama alilodhani. Wengine wakasema wamekwisha lipa, na mama akaniambia niandike kama walivyosema, tukaenda zetu. Daftari lile analo mpaka leo, na madeni yake huyaandika humo kwa kalamu.

Ndiyo maana kanuni ya tatu naiweka juu ya zile mbili: kabla ya kuupa mchezo chumba, hakikisha kazi za watu wa nyumbani zi salama. Yafaa kufanya hivi. Kwanza, nakili faili zote nje ya kompyuta, kisha fungua nakala hizo uone kama zinasomeka. Pili, kama Windows imefunga diski kwa BitLocker, andika ule ufunguo wa kufungulia katika karatasi na uuhifadhi. Tatu, punguza chumba cha Windows kwa kutumia Windows yenyewe, kisha uweke Linux katika nafasi iliyobaki wazi. Nne, zima ule uwashaji wa haraka wa Windows. Ukiuacha, Windows hujifanya imezimwa kumbe imelala nusu, na Linux ikiikuta hivyo hukataa kuandika katika chumba chake. Tano, ukipenda Valorant katika Windows 11, usizime kile kiitwacho Secure Boot, maana mchezo huo hukidai. Chagua Linux inayokubaliana nacho, kama Ubuntu. Sita, chomeka chaja, na usome kila neno kabla ya kubonyeza.

Liko na jambo dogo litakaloshangaza wengi. Linux huweka saa ya mashine kwa majira ya Greenwich, lakini Windows huidhani ni saa ya hapa. Nasi Kigali tuko mbele kwa saa mbili. Jumapili moja niliwasha Windows baada ya kucheza Linux usiku. Bando lilikuwa limekwisha, kwa hiyo haikuweza kujisahihisha kwa intaneti. Ikanionyesha saa kumi na moja alfajiri, nikarudi kulala. Kumbe ilikuwa saa moja asubuhi, na misa ya kwanza ikanipita. Dawa yake ni amri moja katika Linux, timedatectl set-local-rtc 1, nayo huandikwa mara moja tu.

Basi mimi hufanyaje siku hizi? Linux ni ya masomo na ya michezo ya mchezaji mmoja. Windows huiwasha kwa mpira na kwa faili za dada. Kompyuta yenu yaweza kutaka kinyume chake, nami sitabishana.

Na ninyi ndugu zetu wa zamani, mkiwa na kompyuta zilizokataliwa na Windows 11, msizitupe. Zileteni katika klabu yetu ya kompyuta, tutazitia Linux na kuwafundishia wadogo zetu. Ila kwanza hakikisheni hamna madeni ya mama wa mtu ndani yake.