Nyasi Nazo Zina Majina

Sisi Waswahili hatuchoki kusema kwamba wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi. Lakini mshike msemaji umwulize, "Nyasi gani?" Utamwona ameduwaa. Kwake yeye yote ni majani, na majani ni ya kukanyagwa au kulimiwa.

Mimi naona huko ni kujinyima elimu iliyo miguuni petu, nayo haitaki ila vidole viwili. Ndugu msomaji, ukipita mashambani Takaungu au Kwale baada ya masika, chuma shina lenye suke ulisokote baina ya gumba na kidole cha shahada. Likizunguka vyema, nawe ukaona vifundo kama vya muwa, hiyo ni nyasi khasa. Likiwa na pembe tatu, wala halina kifundo, hiyo aghlabu ni jamaa ya ndago.

Pengine utaniuliza, faida yake nini? Ukoka hutambaa ukaushika udongo usichukuliwe na mvua, na mbuzi huupenda. Ama ndago ina vinundu chini ya ardhi, vimeungana kama tasbihi. Asiyeijua huipiga jembe juu juu akenda zake, na baada ya siku chache imechipua, maana kila kinundu kilichobaki ni mbegu. Nimewaona watu wakipalilia konde moja mara tatu kwa msimu, wakidhani wamerogwa! Dawa yake ni kuichimbua na vinundu vyake. Hata hivyo, ndago nayo si ya kudharauliwa. Waarabu huiita suudi, na vinundu vyake wamevitumia tangu zamani kwa dawa na manukato.

Tena tukumbuke mwaka wa 8 Hijria, yaani 630 Miladia, Makka ilipofunguliwa. Mtume (S.A.W.) alikataza kukatwa mimea ya mji ule mtukufu. Ami yake, Al-Abbas, akaomba izkhiri iachwe, kwani watu waliihitaji majumbani mwao, naye Mtume akakubali. Siku kubwa kama ile, jani moja lilitajwa kwa jina lake! Na izkhiri hiyo ni ndugu wa mchaichai tunaotia katika chai.

Mpunga, mtama, mawele na mahindi, yote hayo ni jamaa ya nyasi. Hata ile nyasi ya njiani yenye suke lililotanuka kama vidole ni ndugu wa karibu wa wimbi. Twala nyasi asubuhi na jioni, kisha twasema hatuzijui.

Nilipomwuliza mjukuu wangu jina la ukoka alioukalia, alinijibu, "Babu, hayo ni majani tu." Simlaumu, kwani hakufunzwa. Lakini kitu kisicho na jina huitwa takataka, na takataka huchomwa moto. Basi wazee wetu wakata majani ya ng'ombe wangali hai. Wachukueni watoto mkawaulize majina, na muyaandike.