Ukienda kuzamia Mafia, anza na tiketi ya kurudi

Wengi wetu tuliokulia pwani kuogelea tunakujua tangu utotoni, lakini kuzamia kwa mtungi wa hewa tumekuja kujifunzia ughaibuni, kwenye mabwawa ya Uingereza. Sasa likizo ya Desemba ikikaribia, simu zinaanza: nani anakwenda Mafia?

Msimu si tatizo. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, na matumbawe ya Ghuba ya Chole yamo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995.

Tatizo ni tiketi. Mwenye likizo fupi hutaka kuzamia asubuhi, mchana apande ndege ndogo ya Dar es Salaam, usiku aondoke kurudi Ulaya. Ndugu msomaji, hapo ndipo penye hatari. Chini ya maji, shinikizo huingiza naitrojeni mwilini, nayo hutoka polepole. Ukipanda angani mapema hugeuka mapovu kwenye damu na viungo, na mtu anaweza kupooza. Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa kungoja angalau saa 18. Sisi tunangoja 24. Hata kile kindege kidogo kinahesabiwa.

Kwa hiyo tunaanza na tarehe ya kurudi, ndipo tunapanga siku za kuzamia. Siku ya mwisho tunakula pweza tu.

Mwenye pumu au maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya kulipa nauli. Na aulizie dawa ya malaria: mefloquine haimfai mzamiaji, kwani huweza kuleta kizunguzungu.