Kidonda Kisichotunga Usaha

Leo tunakusudia kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho hakuna apendaye kukitazama, nacho ni usaha. Katika milango ya tohara tuliyoisoma chuoni, usaha umehesabiwa miongoni mwa najisi. Hata hivyo, kwa daktari usaha ni habari, na wakati mwingine kukosekana kwake ni habari nzito zaidi.

Usaha, kwa sehemu kubwa, ni mizoga ya chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipambana na vijidudu. Sasa tujiulize: chembe hizo husafiri ndani ya mishipa, je, zimetokaje humo hata zikafika kidondani?

Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, mtaalamu wa elimu ya viumbe aitwaye Élie Metchnikoff alichomeka miiba midogo katika mabuu ya kiti cha pweza, ambayo ni maangavu kiasi cha kuonekana ndani. Asubuhi yake alikuta chembe zimekusanyika na kuuzingira mwiba. Mabuu hayo hayana mishipa ya damu, basi akajua kuwa chembe zilijongea zenyewe. Mwaka 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Wataalamu waliokuja baadaye wameeleza namna safari hiyo inavyokuwa mwilini mwetu. Penye jeraha, ukuta wa mshipa huchomoza protini ziitwazo selektini. Chembe nyeupe inayosukumwa na mkondo wa damu huzigusa, ikashika, ikaachia, ikashika tena, huku ikibingirika na kupunguza mwendo. Kisha hupokea ishara za kemikali zilizopo ukutani, na ishara hizo huziamsha protini za chembe yenyewe ziitwazo integrini. Hizi hushika kwa nguvu, na chembe husimama. Hapo hujibinya ikapenya ukuta na kuingia katika nyama. Huko nje hutambaa: hutanguliza upande wa mbele, huachia upande wa nyuma, na kufuata ishara mpaka kwenye vijidudu. Asiyeweza kushika husombwa na mkondo, na asiyeweza kuachia hukwama njiani.

Wapo watoto wachache mno ambao hunyimwa uwezo huo wa kushika tangu tumboni. Hitilafu ya jeni iitwayo ITGB2, iliyopo katika kromosomu ya 21, huifanya integrini muhimu ikosekane au iwe pungufu. Maradhi haya hukadiriwa kumpata mtoto 1 katika kila watoto milioni 1 wanaozaliwa. Damu ya mtoto huyo hujaa chembe nyeupe kupita kiasi, lakini kidonda chake hubaki bila usaha. Askari wamejaa barabarani, na hakuna hata mmoja awezaye kuteremka penye vita.

Dalili zake ni hizi. Kitovu, ambacho kwa kawaida huanguka katika wiki 1 au 2, huchelewa kupita wiki 3 au zaidi, na mara nyingi huingiwa na vijidudu. Mtoto huuguaugua ngozi, ufizi na mapafu, na vidonda vyake haviponi upesi. Tahadhari: kitovu kuchelewa peke yake si ushahidi, kwani watoto wengi wazima huchelewa. Lakini dalili hizi zikikusanyika, lisitafutwe jicho la jirani, wala asilaumiwe mama. Mtoto apelekwe hospitali, zihesabiwe chembe za damu yake, na daktari aelezwe kitovu kilianguka lini na kama wapo ndugu wa mtoto waliofariki wachanga. Wenye maradhi haya kwa ukali, wasipopandikizwa uboho, wengi wao hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Antibiotiki husaidia kupambana na vijidudu, na upandikizaji ukifaulu huondoa kasoro yenyewe.

Linabaki jambo linalogusa nyumba zetu. Maradhi haya hurithiwa pale baba na mama wote wawili wanapobeba hitilafu hiyo, ilhali wao wenyewe ni wazima. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto wao kuugua ni 1 katika 4. Yaweza kuwapata hata wasio na nasaba. Lakini watoto wa ndugu wawili hushirikiana, kwa wastani, sehemu 1 katika 8 ya jeni zao, kwa hiyo hatari huongezeka wanapooana. Ndoa ya binamu ni halali katika sheria yetu, wala hatuji kuharamisha kilichohalalishwa. Lakini halali si faradhi, na wazee wanaoposa wanajua mengi kuliko vijana wanaoposewa. Kama ukoo umezika wachanga kwa maradhi yasiyoeleweka, basi hilo lisemwe mapema, na ushauri wa daktari utafutwe kabla ya kufunga ndoa. Kunyamaza kwa kulinda jina la ukoo hakumlindi mtoto atakayezaliwa.

Wabillahi tawfiq.