Maneno na Asili Yake (2): Mchambuzi ni Nani?

Juma lililopita tulikuwa na mtangazaji, tukaona kwamba kazi yake imo ndani ya kitenzi "tangaa": kuenea kwa habari hadi ifike mbali. Leo ni zamu ya jirani yake wa kibandani, mchambuzi. Mpira unapokwenda mapumziko, ndiye huulizwa: "Hebu tueleze ndugu, beki amepitwaje pale?"

Kilatini kilimwita "commentator". Neno hilo asili yake ni kitenzi "comminisci", kubuni jambo akilini, na ndani yake mna "mens", yaani akili. Ajabu ni kwamba "commentum", ndugu wa tumbo moja na neno hilo, maana yake ni jambo la kubuniwa, hata uongo. Kwa hiyo mfafanuzi na mzushi wametoka nyumba moja.

Katika Zama za Kati, wanazuoni wa Ulaya walipoandika "Commentator" bila jina, msomaji alijua anayetajwa ni Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198). Alivifafanua vitabu vya Aristotle kwa daraja tatu: muhtasari, ufafanuzi wa kati na ufafanuzi mrefu. Katika ule mrefu alitanguliza maneno ya Aristotle, kifungu baada ya kifungu, ndipo akaweka yake. Kauli ya mwenye kitabu ikabaki mbali na kauli ya mfafanuzi.

Kazi hiyo Waarabu huiita "sharh" au "tafsir". Maneno yote mawili yalifika kwetu, yakabadili nguo. "Tafsir" imekuwa tafsiri, kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine. "Sharh" imetupa sherehe. Fungua diwani ya mashairi, nenda kurasa za mwisho: palipoandikwa "Sherehe" hapana ngoma wala pilau, pana maneno magumu na maana zake.

Mchambuzi, huyu ni wetu wenyewe. Nenda Pemba msimu wa karafuu. Mashada yakishachumwa, watu huketi kuzichambua: shada hushikwa mkononi, karafuu zikanyofolewa zikaanguka huku, makonyo yakatupwa kule. Mwenye kuchambua mchicha jikoni naye hufanya yayo hayo. Haongezi jani, hutenga linalolika na lisilolika.

Hapo Kiswahili kimekishinda Kilatini. Kilatini kilimpa mfafanuzi ruhusa ya kubuni. Sisi tumempa kazi ya kutenga tu. Mchambuzi aliyetazama mchezo ana shada mkononi: pasi zilizopotea, nafasi zilizoachwa wazi, mchezaji aliyechoka. Atenge, atuonyeshe. Nawe msikilizaji, siku utakapoambiwa kwamba kocha aliingia uwanjani na hofu moyoni, uliza karafuu hiyo imetoka kwenye shada lipi.