Umeme wa Mkondo Kazini: Kuunganisha Ingizo la Analojia la Kidhibiti Mwendo

Mtahiniwa, kanuni ya Ohm unaijua. V = IR umeiandika mara nyingi kwenye daftari lako. Kinachowaangusha wengi ni swali linalotaja mashine ambayo hawajawahi kuiona: wanadhani ni mada mpya, wanaliruka, na alama zinapotea. Katika somo hili tutatumia mashine moja kurudia mambo manne: kugawanya volteji, rezista sambamba, ukinzani wa waya, na mkondo katika saketi ya mfululizo.

Mashine yenyewe

Chukulia kuna kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti hapa Haneti, wilayani Chamwino. Kina mashine ya kujaza mafuta kwenye madumu. Mota husukuma pistoni, na pistoni husukuma mafuta. Pistoni hutembea milimita 200 kutoka mwanzo hadi mwisho wa silinda. Kifaa kinachoiamuru mota iende, ipunguze kasi au isimame huitwa kidhibiti mwendo.

Kidhibiti hakina macho. Kinachokijulisha pistoni ilipo ni volteji inayofika kwenye ingizo lake la analojia. Ingizo la dijitali hutambua hali mbili tu, kama swichi iliyowashwa au kuzimwa. Ingizo la analojia hupima kiasi chochote, kwa mfano kati ya 0 V na 10 V. Volteji hiyo ikipotoka, mota itatii taarifa potofu: mafuta yatamwagika, au pistoni itagonga mwisho wa silinda, na mfanyakazi aliye karibu anaweza kuumia mkono.

1. Nyaya tatu za potensiomita

Njia rahisi ya kupima nafasi ya pistoni ni potensiomita. Ncha yake moja huunganishwa na 10 V, ncha ya pili na 0 V, na mguso wa kati husogea pamoja na pistoni. Waya wa mguso wa kati ndio unaokwenda kwenye ingizo.

Mfano wa 1. Pistoni imefika mm 150. Volteji ya mguso wa kati ni ngapi?
V = (150 ÷ 200) × 10 = 7.5 V

2. Ukinzani wa ingizo

Jibu la Mfano wa 1 ni sahihi iwapo ingizo halichukui mkondo wowote. Kwa kweli kila ingizo lina ukinzani wake, nao hukaa sambamba na sehemu ya chini ya potensiomita.

Mfano wa 2. Potensiomita ni ya 10 kΩ na pistoni iko katikati, mm 100. Ukinzani wa ingizo ni 20 kΩ. Ingizo litasoma volti ngapi?
Nusu ya chini ni 5 kΩ, sambamba na 20 kΩ:
R = (5 × 20) ÷ (5 + 20) = 4 kΩ
V = 10 × 4 ÷ (5 + 4) = 4.44 V

Tulitarajia 5 V. Kidhibiti kitaamini pistoni iko karibu mm 89, yaani kitakosea kwa mm 11. Ukinzani wa ingizo ukiwa 1 MΩ, usomaji utakuwa 4.99 V, na kosa ni dogo sana. Ndiyo sababu voltimita nzuri pia huwa na ukinzani mkubwa.

3. Waya wa kurudi

Volteji hupimwa kati ya nukta mbili. Kwa hiyo waya wa 0 V una uzito sawa na waya wa mawimbi ya kipimo. Fundi mvivu huunganisha 0 V ya potensiomita kwenye waya uleule unaorudisha mkondo wa mota.

Mfano wa 3. Waya huo una ukinzani wa 0.1 Ω na mota inatumia 2 A.
V = IR = 2 × 0.1 = 0.2 V

Pistoni ikiwa mwanzoni, ingizo litasoma 0.2 V badala ya 0 V, sawa na mm 4. Mota ikisimama, kosa linatoweka. Ukipima mashine ikiwa imezimwa, utaona kila kitu ni salama!

Dawa yake ni kukipa kipimo waya wake wa kurudi. Kama ingizo lina vituo viwili, chanya na hasi, peleka waya wa hasi moja kwa moja hadi kwenye ncha ya 0 V ya potensiomita. Nyaya hizo mbili zisokotwe pamoja na zipite mbali na nyaya za mota, kwa sababu umeme wa gridi wa 50 Hz huingiza volteji ndogo kwenye nyaya za jirani. Kama zina ngao ya chuma, ngao kwa kawaida huunganishwa na ardhi upande mmoja tu, ili mkondo usipite ndani yake.

4. Waya ukikatika

Katika mfumo wa 0 V hadi 10 V, sifuri inaweza kuwa na maana mbili: pistoni iko mwanzoni, au waya umekatika. Kidhibiti hakiwezi kuzitofautisha, na kinaweza kuendelea kusukuma.

Kwa hiyo viwanda vingi hutumia vihisi vinavyotoa mkondo wa 4 mA hadi 20 mA. Mkondo huo hupitishwa kwenye rezista ya 250 Ω, na ingizo hupima volteji yake:
4 mA: V = 0.004 × 250 = 1 V (mwanzo)
20 mA: V = 0.020 × 250 = 5 V (mwisho)

Sasa 0 V ina maana moja tu: kuna hitilafu, mota isimame. Faida ya pili ni kwamba katika saketi ya mfululizo mkondo ni uleule kila mahali. Kihisi kikidumisha mkondo wake, waya mrefu wenye 10 Ω haubadilishi kipimo.

Zingatia: badili mA kuwa A kabla ya kuzidisha. Ukiandika 12 × 250 = 3000 V, umepoteza alama.

Zoezi

Kihisi cha 4–20 mA kinapima pistoni ya mm 200 kupitia rezista ya 250 Ω. Voltimita inasoma 2.5 V.
(a) Tafuta mkondo.
(b) Pistoni iko wapi?
(c) Usomaji ukishuka ghafla hadi 0 V, eleza sababu na hatua ya kuchukua.

Majibu
(a) I = 2.5 ÷ 250 = 0.010 A = 10 mA
(b) (10 − 4) ÷ 16 × 200 = mm 75
(c) Waya umekatika au kihisi kimekosa umeme, kwa kuwa hata mwanzoni usomaji ungekuwa 1 V. Simamisha mota kwanza, ndipo ukague nyaya.