Dalili Nyingi, Chanzo Kimoja: Kutafuta Ubovu wa Umeme katika Lori Kuukuu

Umeme wa lori lililokaa barabarani miaka ishirini au thelathini hauharibiki kwa namna umeme wa gari jipya unavyoharibika. Katika gari jipya hitilafu huwa moja na hujulikana mahali ilipo, ilhali katika lori kuukuu hitilafu huja kwa mkupuo: asubuhi stata huzunguka kwa uzito, geji za mafuta na joto huchezacheza taa kubwa zinapowashwa, indiketa hupoteza mwendo wake wa kawaida, na taa za nyuma hufifia kila dereva anapokanyaga breki. Mwenye gari anapoziona dalili hizo zote pamoja huamini kwamba kila kifaa kimekufa kivyake, kwa hiyo hununua betri, alteneta na swichi kwa mpigo mmoja, na baada ya majuma machache dalili zilezile humrudia. Ukweli ni kwamba mara nyingi dalili hizo hutokana na vyanzo vichache ambavyo vifaa vingi huvitegemea kwa pamoja, na vyanzo hivyo hupatikana kwa kupima kwa utaratibu, si kwa kubadilisha spea kwa kubahatisha.

Malori yanayohusika hapa ni yale makubwa ya miaka ya 1980 na 1990, yasiyo na kompyuta ya kusimamia injini, ambayo hadi leo hubeba mchanga, saruji, mbao na mazao katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki. Mengi yake hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfululizo, yaani ncha chanya ya betri moja hufungwa kwenye ncha hasi ya nyingine. Umeme hutoka betrini kwa waya, hupita kwenye fyuzi na swichi, hufanya kazi katika taa au mota, kisha hurudi kwenye ncha hasi kupitia chuma cha gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudia ndiyo mafundi huiita ethi, na ndiyo nusu ya safari ya umeme inayosahauliwa zaidi, kwa sababu haina waya wa rangi unaoonekana wala fyuzi inayoungua ikiharibika.

Kazi ya fundi makini huanza kwa kuuliza kabla ya kushika bisibisi. Dereva na utingo wake wanajua kama tatizo hujitokeza wakati wa mvua, kwenye barabara ya makorongo, au baada ya gari kuoshwa injini. Wanajua pia redio ilifungwa lini na nani alichomelea bodi. Jambo hili la mwisho lina uzito wake, kwa kuwa uchomeleaji wa umeme kwenye chesisi huku betri na alteneta zikiwa zimeunganishwa unaweza kuua diodi, yaani vipande vidogo ndani ya alteneta vinavyouruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, na dereva anayeficha kwamba fyuzi ilizibwa kwa kipande cha waya humpotezea fundi siku nzima na humhatarishia tajiri wake gari.

Baada ya maswali hufuata betri, kwa sababu kipimo chochote kinachochukuliwa kwenye gari lenye betri dhaifu hupotosha. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1, hivyo betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6, na mbili kwa pamoja husoma karibu 25.2. Jumla hiyo peke yake haitoshi. Kila betri hupimwa kivyake, maana moja inaweza kuwa na 12.9 na nyingine 11.8 huku jumla ikionekana ya kuridhisha. Tofauti ya namna hiyo katika malori ya kwetu mara nyingi hutokana na redio au chaja ya simu ya volti 12 iliyofungwa kwenye betri moja tu. Betri inayonyonywa haijai kamwe, lakini kidhibiti cha chaji huitazama jumla ya zote mbili, kwa hiyo huendelea kusukuma umeme hadi betri ya pili inazidishiwa chaji, inachemka na kukausha maji yake. Mwenye gari huona betri moja imekufa kwa kukosa chaji na nyingine imekufa kwa kuzidishiwa, naye hulaumu alteneta isiyo na kosa. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12 kinacholishwa na betri zote mbili, na betri zinapobadilishwa zibadilishwe kwa pamoja, zikiwa za ukubwa na umri mmoja.

Injini ikishawaka, mita inayowekwa kwenye ncha za betri inapaswa kusoma kati ya volti 27.5 na 28.5 hivi. Isipopanda, hukaguliwa kwanza mkanda wa alteneta na waya wake mkubwa kabla ya kuifungua alteneta yenyewe. Ikipanda na kubaki juu ya 29, kidhibiti kimeshindwa kazi, na balbu zinazoungua moja baada ya nyingine pande zote za gari ni ushahidi wa hitilafu hiyohiyo moja.

Hapo ndipo zamu ya ethi inapofika, nayo inastahili kukaguliwa kwa kina. Mwaka 1827 mwanafizikia wa Ujerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni inayoonyesha kwamba volti inayopotea mahali fulani ni zao la mkondo unaopita hapo na ukinzani wa mahali hapo, ukinzani ukiwa ni kiasi ambacho njia inauzuia umeme. Stata ya lori kubwa inaweza kuvuta ampea 300 au zaidi, na kutu kidogo kwenye kiungo cha ethi, yenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, hupoteza volti 3 kabla stata haijapata chochote, ingawa kutu hiyohiyo haizuii taa ndogo ya kebini kuwaka vizuri. Upimaji wake ni rahisi: ncha moja ya mita huwekwa kwenye ncha hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha stata inapigwa; mita ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya kurudia ni mbovu. Zoezi hilo hurudiwa kwa chesisi na kwa kebini, kwa kuwa injini na kebini hukaa juu ya mipira na kila moja hutegemea waya wake wa ethi. Waya wa injini ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine kupitia kebo ya mafuta na mabomba ya chuma, na kebo inayopata moto wakati wa kuwasha gari ni dalili ambayo fundi hapaswi kuipuuza.

Ethi mbovu hujidhihirisha wazi zaidi kwenye taa za nyuma. Balbu ya breki, ya kuegesha na ya indiketa katika holda moja hurudisha umeme kwa waya mmoja wa ethi, na waya huo ukilika kwa maji na chumvi, kama inavyotokea upesi katika miji ya pwani, umeme wa breki hukosa pa kurudia. Hapo huingia kinyumenyume katika nyuzi za balbu nyingine na kutafuta ethi ya taa za mbele, kwa hiyo breki ikikanyagwa taa ya kuegesha hufifia na indiketa isiyowashwa huonyesha mwanga hafifu. Dalili tatu zilizoonekana kuwa za vifaa vitatu huondoka pamoja kwa kuisugua bolti moja kwa msasa hadi chuma king'ae. Kwa mantiki hiyohiyo, geji za mafuta na joto zikidanganya kwa pamoja, fundi hatazami matangi wala rejeta bali hutazama kile geji zote mbili zinachoshiriki, yaani ethi ya dashibodi au kidhibiti kidogo kinachozilisha umeme.

Upo mtego mmoja unaowanasa hata wenye uzoefu. Waya wenye nyuzi nyingi za shaba unaweza kuwa umebakiwa na uzi mmoja tu ndani ya ganda lake, na mita ikawekwa ikasoma volti 24 kamili, kwa sababu mita yenyewe huvuta umeme kidogo mno. Taa ikiwashwa, uzi huo hauwezi kubeba mkondo na volti huporomoka. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kile kinachochukuliwa huku taa au mota inayolalamikiwa ikiwa imewashwa.

Viraka navyo huzaa hitilafu nyingi. Katika umri wake mrefu lori hupitia mikono ya mafundi wengi, na kila mmoja huongeza waya wake, akiusokota na kuufunga kwa solotepu, hadi rangi za awali zinapoteza maana. Fyuzi, ambayo kazi yake ni kuungua ili waya usiungue, huzibwa kwa karatasi ya pakiti ya sigara, na siku shoti inapotokea, yaani umeme unapokutana na ethi bila kupita kwenye kifaa, kinachoungua ni waya wote pamoja na dashibodi. Taa kubwa zinazoongezwa nazo hulishwa moja kwa moja kupitia swichi ya zamani isiyo na uwezo huo, ilhali relei, yaani swichi inayowashwa kwa mkondo mdogo ili ipitishe mkondo mkubwa, ingeyamaliza matatizo yote ya swichi kuyeyuka na taa kufifia.

Iwapo baada ya yote hayo betri bado zinalala zikiwa nzima na kuamka zimekufa, umeme unavuja gari likiwa limezimwa. Mita ya ampea hufungwa kwa mfululizo kati ya ncha hasi ya betri na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa na bila kugusa stata, kisha fyuzi huchomolewa moja moja hadi mkondo ushuke. Fyuzi iliyoushusha ndiyo inayoonyesha upande wa ubovu. Ikiwa hakuna inayoushusha, waya mkubwa wa alteneta hufunguliwa, kwa maana diodi iliyokufa huweza kunyonya betri usiku kucha bila kupita kwenye fyuzi yoyote.

Utaratibu huu hauhitaji mitambo ya gharama. Mita ya kawaida, taa ya kupimia, msasa, brashi ya waya, terminali za kubana na daftari la kuchorea njia za nyaya vinatosha. Kinachokosekana mara nyingi ni subira ya mwenye gari, ambaye humtaka fundi amalize kabla ya jioni na humlipa kwa spea alizobadilisha badala ya ubovu alioupata. Wenye malori wanapaswa kuwalipa mafundi kwa muda wa kupima, kukataa kiraka kisicho na fyuzi, na kutoruhusu gari lisilo na taa za nyuma kutoka yadi usiku. Lori la mizigo lililozimikiwa umeme gizani halionekani na anayekuja nyuma yake hadi awe amechelewa kukanyaga breki, na uhai wa mtu huyo hauwezi kulinganishwa na bei ya kusafisha bolti moja ya ethi.