Kasoro ya stempu: ipi ni mali, ipi ni uchafu?

MPITIMBI, Songea – Sanduku la bati lenye barua za wazee waliokwenda manamba linaweza kuwa na thamani kuliko mwenyewe anavyodhani. Ungoni ilitoa vibarua wengi wa mashamba ya mkonge ya Tanga, na tangu 1944 shirika la SILABU ndilo lililowaandikisha na kuwasafirisha. Barua zao za kurudi nyumbani zilibandikwa stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye kichwa cha mfalme wa Uingereza.

Wanunuzi wa stempu kuukuu hupenda kuzipima kwa kilo, kama stempu za misheni zilivyouzwa Ulaya kwa miaka mingi. Kwa muuzaji asiyejua kuchambua, hapo ndipo hasara inapoanzia. Bei ya kilo huhesabiwa kana kwamba stempu zote ni za kawaida, na ile moja adimu huenda bure pamoja na nyingine.

Wakusanyaji hulipia kasoro iliyotokea kiwandani. Kasoro hizo ni za aina mbili. Ya kwanza imo katika bamba la chapa lenyewe: mkwaruzo, mstari uliokatika au sehemu iliyochongwa upya. Hiyo hurudi mahali pale pale katika kila karatasi nzima ya stempu inayochapwa, kwa hiyo huorodheshwa katika vitabu vya bei kama kile cha Stanley Gibbons. Ya pili ni ya kupita: vumbi lililoangukia bamba na kuacha doa jeupe, au wino uliozidi siku moja. Hii hufurahisha macho, lakini mara nyingi bei haipandi sana.

Mfano mzuri ni stempu ya jahazi la Ziwa Victoria. Katika toleo la 1935 la mfalme George V, stempu ya senti 5 ina sura mbili. Katika sura moja, kamba ya upande wa kushoto haigusi tanga; katika nyingine imeungana nalo, na hiyo ndiyo iliyo adimu zaidi. Katika senti 50 ya George VI, iliyoanza 1938, mambo yamegeuka: kamba iliyoungana ni ya kawaida, na ile isiyofika kwenye tanga ndiyo inayotafutwa. Kioo cha kukuzia kinatosha kuona tofauti hiyo. Toleo hilo la 1938 lilichapwa mara nyingi hadi miaka ya 1950, na meno ya ukingoni yalibadilika. Stempu mbili za rangi moja na thamani moja zinaweza kutofautiana bei kwa sababu ya meno tu, basi yahesabiwe.

Stempu nyingi za matoleo hayo zina rangi mbili, yaani karatasi ilipita kwenye bamba la fremu na bamba la picha. Picha iliyosogea kidogo kushoto au kulia ni jambo la kila siku, na muuzaji asiitangaze kuwa ni ajabu. Picha iliyopinduka ni habari nyingine. Karatasi moja tu ya stempu 100 za Marekani zenye ndege iliyopinduka iliuzwa posta mwaka 1918, na moja ya stempu hizo ilipata dola zaidi ya milioni 2 mnadani mwaka 2023. Haifai kuitumia kukadiria bei ya sanduku la kijijini.

Rangi ndiyo inayowadanganya wengi. Jua huchuja njano iliyomo katika kijani, na stempu ikabaki na ubuluu. Moshi wa darini huipa karatasi rangi ya chai. Hayo si makosa ya chapa, ni uharibifu, na hupunguza bei. Stempu nyingi za makoloni za mwanzo wa karne ya 20, hasa za zambarau na kijani, zilichapwa kwa wino unaotoka majini ili mtu asifute muhuri na kuzitumia tena. Anayeziloweka ili kuzisafisha anaziua kwa mkono wake mwenyewe.

Chapa za juu zinahitaji tahadhari zaidi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, stempu za Zanzibar zenye picha ya Sultani zilipigwa kwa mkono maneno JAMHURI 1964, kisha nyingine zikachapwa kwa mashine. Zile za mkono zimekaa mshazari, nyingine mara mbili, nyingine juu chini. Kwa kuwa muhuri wa mpira huchongwa popote, za bandia ni rahisi kutengeneza. Dawa ni kutazama muhuri wa posta. Ukiwa na tarehe ya kabla ya Mapinduzi, chapa ya JAMHURI imeongezwa baadaye. Wino wa chapa ukionekana umekaa juu ya wino wa muhuri wa posta, stempu hiyo nayo ni ya kutiliwa shaka. Kanuni hiyo hutumika pia kwa chapa ya G.E.A. ya wakati Waingereza walipoitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani.

Bei iliyo kitabuni si bei ya kununulia. Mfanyabiashara hulipa sehemu yake tu, na stempu iliyochanika au kukosa jino hushuka zaidi. Kwa stempu ya bei kubwa mnunuzi hudai cheti cha wataalamu, kama wale wa Royal Philatelic Society ya London. Gharama ya cheti inaweza kupita thamani ya stempu, kwa hiyo hesabu ifanywe kabla ya kutuma.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kubandua. Bahasha nzima yenye muhuri wa Korogwe au Muheza unaosomeka, na nyuma muhuri wa kupokelewa Songea, mara nyingi hupata bei kuliko stempu iliyong'olewa. Kama bahasha imekwisha kuliwa na mchwa, stempu ikatwe na karatasi yake, ukingo wa sentimita 1 kila upande, na iachwe kavu.